Kifungo kiishie langoni

Mhariri,

Wapo wanaolalamika kwamba wafungwa siku hizi wanadekezwa. Kwangu mimi, kunyimwa uhuru ndiyo adhabu yenyewe. Kazi inayobaki ni kumrekebisha mtu. Katika magereza ya Kenya wafungwa hufunzwa useremala na ushonaji, na wengine hufanya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE) wakiwa humo humo. Tatizo huanza wakitoka. Fundi hana randa wala msumeno, na waajiri wengi wanadai cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), ambacho hufichua rekodi ya kifungo chake. Akikosa riziki, atarudia wizi, na tutakaoibiwa ni sisi. Serikali iwape wanaomaliza vifungo vifaa vya kazi, na makosa madogo yafutwe kwenye rekodi baada ya muda.

Msomaji wako,
Nakuru