Tusibane Sauti Tukawapoteza Wasemaji

Mtambaji ngano anaposema "Paukwa", jibu la "Pakawa" hutoka pande zote: watoto walio mbele, akina mama walio nyuma, na ajuza mmoja pembeni aliyechelewa kuitikia. Kinasa sauti cha kawaida huzirundika sauti hizo mahali pamoja. Kwetu sisi tunaochunguza lugha hiyo ni hasara, kwani nani alimjibu nani ni sehemu ya maana.

Dawa ipo tangu miaka ya 1970, Michael Gerzon wa Oxford, Uingereza, na wenzake walipobuni mbinu ya ambisoniki. Maikrofoni kadhaa zilizokaribiana hunasa uwanja mzima wa sauti, yaani sauti pamoja na upande inakotoka, kisha spika huujenga upya.

Tatizo ni wingi wa data. Daraja la kwanza la mbinu hii huhitaji mikondo 4 ya sauti. Daraja la nne, 25. Sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, kwa biti 24, saa moja ya mikondo 25 hujaza takribani gigabaiti 13. Ndipo watu hukimbilia kuibana.

Kubana, hata hivyo, ni kwa namna mbili. FLAC hupunguza faili bila kupoteza chochote, mithili ya nguo iliyokunjwa. MP3 hutupa kile inachodhani sikio halitakisikia, hasa sauti hafifu iliyofunikwa na kubwa. Kwa muziki wa matatu, sina ugomvi nayo. Lakini sikio hutambua upande kwa tofauti ya muda isiyofika elfu moja ya sekunde. Kila mkondo ukibanwa peke yake, uwiano huo huweza kuvurugika na msemaji akahama mahali pake. Isitoshe, sauti hafifu husikika vyema zaidi inapotoka upande mwingine na ile kubwa.

Ni kweli kwamba mbinu ya MPEG-H, iliyochapishwa mwaka 2015, huzitenga kwanza sauti zinazotawala, kisha huyashughulikia mazingira yake kando. Yafaa sana kwa utangazaji. Katika hifadhi ya utafiti, naipinga: ajuza wetu atahesabiwa kuwa mazingira tu.

Nakala za darasani na zibanwe vyovyote. Rekodi asilia zikunjwe bila kupunguzwa. Wenye bajeti za vyuo watauliza gharama. Diski ya terabaiti 1 huhifadhi zaidi ya saa 70 za mikondo 25, hata kabla ya kukunjwa.