Mchezo wa Waya Usidharauliwe

Juzi nilimsikia mzee mmoja mtaani akimkemea mjukuu wake aliyekuwa akikunja waya kuunda gari. "Upuuzi gani huu?" akamwambia. Sikuafikiana naye, na leo nataka kueleza kwa nini.

Huko Uingereza wako watu wazima, wengine wenye mvi, ambao wakati wao wa mapumziko huutumia kuunda reli ndogo. Kila kitu hupunguzwa mara 76: mabehewa, stesheni, hata mkono wa ishara unaomwambia dereva apite au asimame. Taabu yao ilikuwa mkono huo. Ukivutwa kwa sumaku ya umeme huruka kwa kishindo, wala haufanani na ule wa kweli, unaovutwa kwa waya mrefu kutoka kibanda cha mwenye ishara.

Dawa wameipata katika waya mwembamba kama unywele, wa nikeli na titani, mchanganyiko ulioshughulikiwa na William Buehler katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1961, mkutanoni, kipande chake kilichokunjwakunjwa kilipashwa moto wa kiberiti cha kiko, nacho kikajinyosha mbele ya macho ya watu. Naam, madini hayo hukumbuka umbo lake!

Mafundi wa reli ndogo huupitishia waya umeme kidogo. Ukifika joto la nyuzi 70 hivi hujikaza, ukapungua kama sehemu 4 katika 100. Waya wa milimita 100, basi, huvuta milimita 4: zatosha kuinua mkono, taratibu, bila kelele. Umeme ukikatwa waya hupoa, na springi ndogo huunyosha tena. Lakini una masharti. Haufai kulehemiwa ovyo, kwa kuwa moto mkali huuharibu. Ncha zake hubanwa kwa koleo. Ukizidishiwa umeme, husahau yote uliyofunzwa.

Ni nani atakayejua masharti hayo asiyeushika waya kwa mkono wake? Hospitalini leo madini hayo hayo hutengenezewa vibomba vya kupanua mishipa ya damu iliyoziba. Hiyo si kazi ya mchezo, lakini subira yake na wepesi wa vidole hujifunzwa mchezoni. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi.

Mzee wangu, usimnyang'anye kijana waya. Mpe na koleo.