Sheria Imekupa Haki ya Kujilinda, Duka Limekupa Risasi Mbovu



Leo nina swali moja tu, na nalielekeza kwa wale wanaotunga sheria huku wana walinzi wawili getini. Mtanzania mwenye leseni halali ya shotigani, anayeishi kilomita 30 kutoka kituo cha polisi, aweke risasi gani ndani ya bunduki yake, na aipate wapi kwa bei anayoiweza?

Najua kuna walioshashtuka. "Dada, vijana wa upinzani tukianza kuongelea risasi si tunawapa watu kisingizio?" Tulieni. Sisi tunapigana kwa hoja, kwa kura na mahakamani, na anayetaka kuleta bunduki kwenye siasa mimi si mwenzake. Kuna watakaonitajia pia "watu wasiojulikana". Jibu la utekaji ni uchunguzi huru, mahakama zisizoogopa na katiba mpya. Haliwezi kuwa kisanduku cha risasi, na anayekudanganya hivyo anakutafutia kaburi.

Mimi naongelea watu wengine. Mzee mwenye duka la jumla anayelala chumba cha nyuma ya duka. Mama mjane mwenye mashine ya kusaga pembeni ya kijiji. Watu waliojaza fomu, wakapita kwenye kamati za usalama, wakalipa ada, wakapewa leseni. Serikali inajua majina yao na namba za bunduki zao. Ila siku wakihitaji risasi nzima kwa bei ya kueleweka, kila mtu anaangalia pembeni.

Tuanze na sheria. Katiba ya 1977, Ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18A, inakupa haki ya kujilinda wewe, mtu mwingine na mali yako dhidi ya shambulio lisilo halali. Kifungu cha 18C kinakwenda mbali zaidi: kwenye hatari kama ya kuuawa, kubakwa, kutekwa, kuvunjiwa nyumba au kuporwa kwa nguvu, haki hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo, mradi umetenda kwa nia njema na una sababu ya msingi ya kuamini hapakuwa na njia nyingine.

Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu. Kifungueni tena, 18B. Hicho kinasema utumie nguvu ya lazima tu. Ukipitiliza unawajibika kwa kosa litakalotokea, na mtu akifa kwa sababu ulipitiliza, hiyo ni kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa unganisheni. Sheria inamdai raia kipimo. Kipimo kinatoka kwenye kichwa chake, kweli, lakini kinatoka pia kwenye kile kilichomo ndani ya mtutu. Risasi isipolipuka, 18A inabaki kuwa karatasi. Risasi ikitoboa mlango ikaingia chumba cha watoto wa jirani, huyo mama mjane atamwambia nini jaji? Kwamba duka halikuwa na nyingine?

Ndiyo maana nasema uchaguzi wa risasi ni suala la haki, na tulijadili kwa akili badala ya kuwaachia mabingwa wa vijiweni wanaosema "weka ile kubwa kabisa, ukimgusa amekwisha". Hebu tuliangalie taratibu.

Shotigani nyingi za raia ni geji 12, mtutu wenye upana wa karibu milimita 18.5. Risasi zake zipo za namna tatu. Kuna marisau madogo ya kuwindia ndege, chembe za milimita mbili na kitu, nyingi mno ndani ya ganda moja. Kuna marisau makubwa: kwa hesabu ya Kiingereza yanaandikwa SG, chembe za milimita 8.4 hivi, ambazo Wamarekani wanaziita 00, na ganda la kawaida mara nyingi lina chembe 9. Kati ya hayo mawili zipo kama AAA, za milimita 5.2. Namna ya tatu ni donge moja zito la risasi, la mnyama mkubwa porini.

Donge moja ndani ya nyumba ya makazi, sahau. Linapita kwenye mlango, kabati na mtu, na bado lina nguvu ya kutoka upande wa pili. Anayekushauri uliweke chumbani hajawahi kulala nyumba ya kupanga.

Marisau madogo ni ya bei rahisi, na kwa umbali wa chumba yanaweza kuua. Shida ni kwamba mara nyingi yanaumiza juujuu bila kumzuia mtu aliyeingia na panga. Kazi yake nzuri ni mazoezi. Marisau makubwa ndiyo yanayomsimamisha mshambuliaji, lakini hayo hayo yanapenya mlango wa mbao, plaiwudi, jipsamu, hata ukuta wa fito na udongo. Kwa hiyo kabla hujauliza "risasi gani kali", uliza nyumba yako imejengwa na nini na nani analala wapi. Kwenye kuta za tofali za saruji, SG ya nguvu ya kawaida ina mantiki. Kwenye vyumba vilivyotenganishwa na mbao au udongo, chembe ndogo kidogo kama AAA hazipenyi mbali kama SG, ingawa usidhani ni salama. Na nyumba zetu nyingi za uswahilini ukuta wa ndani haufiki kwenye paa. Ukielekeza mtutu juu, umemwelekezea mpangaji mwenzako.

Kuna uongo mwingine wa filamu, kwamba shotigani inamwaga risasi chumba kizima hivyo huhitaji kulenga. Kwa hatua tano au sita chembe zinakuwa bado zimekusanyika, upana wa kiganja hivi. Usipolenga, unakosa. Ukikosa, zile chembe zina pa kwenda, na popote zitakapokwenda utaulizwa wewe.

Risasi yenye nguvu ya kupindukia nayo haina maana. Unalipa zaidi, bega linaumia, risasi ya pili unaikosa. Ganda la kawaida la milimita 70 linatosha. Na hapa tafadhali someni maandishi kwenye mtutu: bunduki iliyotengenezewa ganda la milimita 70 haipewi la milimita 76, hata kama linaingia. Urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafunguka, kwa hiyo likilipuka ndani halina nafasi na mgandamizo unapanda vibaya. Vilevile risasi ya geji 20 isikae kabisa karibu na bunduki ya geji 12. Inateleza inakwama mbele kwenye mtutu, mtu anadhani bunduki haina kitu, anaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu geji 20 kwa kawaida hutengenezwa za rangi ya njano.

Haya, uhakika wa risasi. Adui wake mkubwa kwetu ni unyevu, hasa Tanga, Pwani, Lindi na visiwani. Angalia kitako cha shaba: kikiwa na kutu ya kijani, au ganda limevimba, au fataki imeshaliwa, hiyo irudishe kwa mamlaka, usiitegemee roho yako. Magonda ya karatasi ya zamani ndiyo ya kwanza kuvimba. Risasi zikae pakavu, mbali na joto la bati, na zifungiwe kwa kufuli ambayo mtoto hana ufunguo wake. Kama shotigani yako ni ile inayojikoki yenyewe, jua kwamba risasi dhaifu za bei ya chini zinaweza zisiwe na nguvu ya kuisukuma. Ya mitutu miwili au ya kukoki kwa mkono haina deko hilo.

Na bei? Ukiwa na pesa ya visanduku vinne, vitatu viwe vya marisau madogo ya bei rahisi, ufanyie mazoezi mahali panaporuhusiwa. Kimoja kiwe kizuri, ukijaribu chache ujue zinalipuka na zinatua wapi, zinazobaki ndizo za nyumba. Mtu aliyefyatua risasi 50 za bei ndogo ni salama zaidi kwa majirani kuliko aliyenunua 5 za bei mbaya na hajawahi kuzigusa.

Sasa mkisikia hivyo mnaweza kudhani ni rahisi, unaingia dukani unachagua. Mjomba wangu ana shotigani kwa leseni. Alizunguka maduka mawili. La kwanza hakuna kitu. La pili akaambiwa "iliyopo ni hii, unachukua au unaacha", bei haipo ukutani, bei iko mdomoni mwa muuzaji. Akarudi nyumbani kwenye kisanduku chake cha zamani ambacho, wallahi, kinanizidi umri. Huyu ni mtu anayefuata sheria. Asiyefuata sheria anajaza gobore lake baruti ya kienyeji na vipande vya nondo, na hajali 18B wala 18C.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mkubwa ana polisi mlangoni mwaka mzima kwa kodi yetu. Polisi huyo risasi yake haijakaguliwa kwa bei, imenunuliwa na umma, imetunzwa na umma. Raia wa kawaida akipiga simu usiku anaambiwa gari halina mafuta. Mwaka 2022 Dar es Salaam, mji wenye vituo vya polisi kila upande, panya road waliingia majumbani na mapanga, watu wakaumizwa na kuuawa kabla msaada haujafika. Kama Dar ni hivyo, kijijini ni vipi? Halafu Ibara ya 13 inatuambia wote tuko sawa mbele ya sheria. Sawa kwa nani?

Nitajibiwa kwamba nataka kusambaza silaha. Hapana. Idadi ya bunduki inaamuliwa na leseni, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 iko palepale. Sijaomba hata koma iondolewe. Naongelea bunduki ambazo serikali yenyewe imeshaziruhusu. Risasi mbovu haipunguzi bunduki hata moja mtaani. Inachofanya ni kuifanya bunduki halali isitabirike, na bunduki isiyotabirika inaua mtu asiye sahihi.

Nitaambiwa pia risasi za bei nafuu zitawafikia majambazi. Lakini mwenye leseni anaandikwa, bunduki yake inaandikwa, anachonunua kinaandikwa. Jambazi hapangi foleni hapo. Anayempa jambazi soko ni uhaba, maana bidhaa ikiadimika dukani inahamia gizani, na gizani hakuna daftari.

Kwa hiyo jukwaa hili libebe madai, na wabunge wetu na wagombea wetu wayabebe wakitamka kwa sauti:

Bei za risasi za raia zibandikwe wazi katika kila duka lenye kibali, kama bei za mafuta zinavyobandikwa kituoni.

Mwenye leseni aruhusiwe kurudisha risasi zilizochakaa polisi na kununua idadi ileile mpya, bila kuhojiwa kama mhalifu.

Idadi ya risasi za mazoezi itengwe na ya ulinzi wa nyumbani, na kila mkoa uwe na mahali pa kujifunzia chini ya mkufunzi.

Maelekezo ya risasi na mafunzo ya leseni yawe kwa Kiswahili, yakiwa na vifungu vya 18A hadi 18C ndani yake. Mtu asipewe bunduki kabla hajaeleza kwa mdomo wake lini haruhusiwi kufyatua.

Shirika la Mzinga pale Morogoro ni la umma, lipo tangu miaka ya 1970, na risasi ndiyo fani yake. Bunge liliulize hadharani linaweza kumsaidiaje raia mwenye leseni kupata risasi nzima kwa bei ya haki.

Na la mwisho, ambalo kwa haki lilipaswa kuwa la kwanza: mafuta kwenye gari la polisi. Mimi sina bunduki na sitamani kuwa nayo. Ningependa kila mwenye shotigani azeeke nayo bila kuifyatua hata mara moja kwa hofu. Ila mpaka siku simu ya mama mjane itakapopokelewa na gari likawaka, msimwambie ana haki ya kujilinda huku mnajua kilichomo kwenye mtutu wake ni kutu.

Haki haina chama. Tuonane kwenye mikutano ya kata, njooni na maswali.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana.