Mngurumo siyo nguvu, braza

Washkaji, samahani kwa ukimya, ilikuwa wiki ya testi. Leo siandiki habari za kantini wala foleni ya bumu. Nina hasira na mafundi wa mtaani kwetu, na kidogo na braza wangu.

Braza ana Altezza ya silinda sita. Mwezi uliopita kapiga simu: dogo, nikopeshe laki mbili, nakurudishia Ijumaa. Nikatoa kwenye bumu, mnajua maana yake, ugali maharage mchana na usiku. Nikadhani mtoto anaumwa. Kumbe jamaa kang'oa boksi la filta ya hewa, kafunga bomba nene na filta ya koni, na sensa ya hewa (siyo ile ya kuhesabu watu!) ikachomekwa kwenye bomba jipya kwa silikoni. Gari inanguruma kama basi la mkoani, yeye anachekelea.

Jamani, ile sensa ni kiwaya kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukibakiza na joto lake ndio unaoiambia kontroli boksi hewa imeingia kiasi gani, ili nozeli zimwage petroli inayolingana, kama gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa. Lakini kiwaya hakioni bomba zima! Kinaona hewa inayokigusa tu, iliyobaki ni hesabu iliyopigwa kiwandani kwa upana wa bomba lile lile. Toa la milimita 60, weka la 75: eneo limepanda asilimia 56. Hewa ile ile inapita taratibu, sensa inasoma kama asilimia 64 ya ukweli, mafuta yanapunjwa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inajaribu kusahihisha ila ina mwisho wake, na ukikanyaga mpaka chini haisikilizwi kabisa. Wiki ile ile taa ya cheki injini ikawaka, mashine ikasoma P0171: hewa nyingi, mafuta machache. Fundi akasema nini? Eti hiyo taa tutoe balbu.

Na koni yenyewe inanyonya hewa ya ndani ya boneti, iliyopikwa na rejeta. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Lile boksi mnalolidharau linavuta ya nje.

Mtasema mbona Japani wanabadilisha. Wanabadilisha, ndiyo, lakini wanabakiza nyumba ya sensa yenye upana ule ule, au wanaandika upya hesabu za kontroli boksi. Siyo silikoni. Halafu eneo la duara tumefundishwa wote, mimi, braza na fundi. Tuliimba pai r mraba, tukapata vema, tukaiacha darasani. Na mwakani ni mimi nitakayekwenda kuifundisha kwenye mazoezi ya ualimu, sijui kwa uso gani.

Boksi la zamani bado liko gereji, fundi anataka elfu arobaini alirudishe. Jumamosi naenda na rula. Laki mbili zangu? Ijumaa nne zimepita.