Kabla Umcheke Mtu Ameshrub

Wasee, tuongee ukweli. Hakuna kitu Wakenya hucheka kwa raha kama mtu akishrub. Mwanasiasa akisema "reader" badala ya "leader", video inazunguka nchi nzima kabla hajashuka jukwaani. Tunacheka ni kama Kiingereza ni lugha imenyooka, na yeye peke yake ndiye amepinda.

Haijanyooka. Chukua tu hiyo lead. Kuongoza watu, unasoma "liid". Timu yako ikiwa mbele mabao mawili, iko na lead, "liid" tena. Mwigizaji mkuu wa filamu, liid. Kamba ya kutembeza mbwa huko Uingereza, liid. Halafu ghafla madini ya risasi, yale yako kwa betri ya gari, yanaandikwa herufi zilezile nne lakini unasoma "led". Nani aliamua? Hata lead ya penseli ni "led", na haina risasi yoyote ndani. Ni grafiti na udongo. Zamani watu walidhani grafiti ni aina ya risasi, jina likabaki. Yaani kosa la wenyewe liliingia kamusi, kosa la Mkenya linaingia TikTok.

Ngoja, bado. Lead ya kuongoza ikiwa ya jana inaandikwa led. Sawa, tumeshika. Na read ya jana je? Hiyo haibadiliki, inabaki read, ila sasa unasoma "red". Mtoto wa Grade 4 akikosea hapo darasa zima linakufa kicheko.

Kikuyu hakina sauti ya L. Dholuo haina "sh". Ulimi hulelewa na lugha ya nyumbani, na hiyo haina uhusiano na akili. Mpe Mzungu neno "ng'ombe" uone. Sauti hiyo anayo, iko mwisho wa sing, lakini hakuna neno la Kiingereza linaanza nayo, so anahangaika. Na sisi hao, tunampigia makofi eti amejaribu!

Utani ni sawa, mimi pia hucheka. Lakini nilisoma na dem mmoja mkali wa hesabu ajabu. Form Two akasoma "rorry" kwa sauti, tukacheka, mwalimu pia akacheka. Hakuinua mkono tena mpaka tukamaliza shule. Majibu alikuwa nayo. Sasa fikiria wangapi wako kwa interview saa hii wamemeza jibu zuri juu ya L moja.

Utaniambia lazima mtu aeleweke. Kwani nani hakuelewa? Mtu akisema anataka "to read this country", hakuna mtu anadhani atafungua Kenya ukurasa wa kwanza aanze kusoma.

Na wewe mwenye ulimi wa London, soma hii kwa sauti, mara moja, bila kusita: We read the lead. Ni riid ama red? Liid ama led? Tunangoja.