MOSHI WA TUMBO LA GARI: NANI ALIPE?



Wako mafundi, na wako matajiri wa magari, ambao wakiona injini inafuka moshi penye kifuniko cha oili, dawa yao ni moja: kuuchomoa mpira wa pumzi, kuuning'iniza chini ya gari, na kumwambia dereva, "Haya, nenda." Moshi haukupungua hata chembe. Umehamishwa tu, ukatolewa katika injini ukatiwa katika kifua cha mwananchi. Sisi twasema wazi: huo si ufundi, ni dhulma.

Yafaa kwanza ijulikane moshi huo ni kitu gani. Kila petroli inapowaka ndani ya silinda, sehemu ya gesi hupenya kando ya ringi za pistoni ikateremka kwenye tumbo la injini, pale penye oili. Gesi hiyo imechukua petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi. Isipopata njia ya kutokea, oili hugeuka tope, na nguvu ya gesi huzisukuma sili mpaka zikavuja. Basi yule tajiri anayebadilisha sili kila mara, kisha akamlaani muuza spea, huenda ugonjwa wake si sili hata kidogo, bali ni valvu ya pumzi iliyoziba. Valvu hiyo ni kidude kidogo. Kazi yake ni kuurudisha moshi kwenye njia ya hewa ya injini ukaungue mara ya pili. Bei yake si kitu mbele ya gharama ya kufungua injini.

Wako watakaosema, "Upepo wa bahari utauchukua." Jee, abiria aliyesimama nyuma ya gari avuta upepo wa bahari, au avuta kilicho mbele ya pua yake?

Na khabari ya Los Angeles iwe funzo. Mji ule ulifunikwa na ukungu wa kuwasha macho, na mwaka 1952 mtaalamu Arie Haagen-Smit akaeleza kwamba jua ndilo linaloupika moshi wa petroli ukawa sumu ile. Dawa ya moshi wa tumbo la injini ilikwisha kuwako: magari ya kijeshi yalitiwa valvu ya namna hii katika Vita Kuu ya Pili, yapate kuvuka maji. Walakini magari mapya ya California yalingoja mpaka mwaka 1961, na ya Marekani nzima mpaka 1963. Mwaka 1969 serikali ya Marekani iliwashitaki General Motors, Ford, Chrysler na American Motors, pamoja na chama chao, kwamba walikula njama kuchelewesha vyombo vya kupunguza moshi. Wenyewe walikana. Kesi ikaishia kwa mapatano mwaka ule ule, wala hapana aliyetozwa faini. Waliokwisha kuumia macho na vifua hawakurudishiwa kitu.

Ndugu, mwenye faida hakuharakishi dawa ambayo gharama yake ni yake na maradhi yake ni ya wengine. Lazima ahimizwe. Kwa hivyo twataka mambo matatu:

1. Fundi asiuchomoe mpira. Aitoe valvu aitikise, asikie inagonga. Kisha injini ikizunguka, aweke kidole mdomoni mwake aone kama inavuta. Ikiwa imekufa, atie nyingine.

2. Ringi zikiwa zimekwisha, tajiri aambiwe kweli. Valvu mpya haifufui ringi zilizokufa, na abiria hawakukubali kuzilipia kwa mapafu yao.

3. Mkaguzi wa magari afungue boneti autazame mpira huo, gari ya mkubwa sawasawa na gari ya shamba.

Hatukuomba makubwa. Twataka kila mwenye gari abebe moshi wake mwenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta huu, ndugu zangu, ni vifua vya watoto wetu.