Kabla ya Kumwita Mwenzako Mwizi
Makala za Wikipedia kuhusu Nyeri, Karatina au Nanyuki huandikwa na watu wengi wasiojuana, kwa hiyo tuhuma ya kunakili inataka subira. Chukua habari za Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Tarehe hizo ni mali ya kila mtu. Sentensi za kitabu chake, Unbowed, sivyo: yeye alifariki mwaka 2011, na sheria ya Kenya hulinda hakimiliki kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Sasa ukikuta aya inayofanana neno kwa neno na tovuti ya hoteli, fungua kwanza historia ya ukurasa. Kila badiliko limewekewa tarehe na saa. Huenda tovuti ndiyo iliyochota kutoka Wikipedia bila kuitaja, na inauma sana kuona lawama ikimwangukia kijana wa kujitolea aliyetoa jasho lake bure. Ikithibitika kwamba mhariri ndiye aliyenakili, ondoa aya hiyo, eleza sababu kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha mwandikie kwa heshima. Wengi hawajawahi kufundishwa. Kugeuza maneno mawili matatu hakutoshi, aya iandikwe upya na chanzo kitajwe. Walimu wetu wa Nyeri, tafadhali waonyesheni wanafunzi historia ya ukurasa muhula huu, kabla hawajanakili kazi ya nyumbani.